Mcheza gofu anapita Makuyuni: fedha yake inashuka wapi?

Mfanyabiashara mwenye meza kando ya barabara kuu pale Makuyuni, kati ya Korogwe na Mombo, anaona karibu kila kinachosafiri kati ya pwani na kaskazini: mabasi ya Moshi na Arusha, malori ya saruji ya Tanga, magari ya mboga yaliyoteremka kutoka Lushoto, na mara moja moja gari la watalii lenye mifuko mirefu ya fimbo za gofu. Gari hilo la mwisho halisimami. Likisimama, abiria wananunua maji na ndizi, wanaulizia choo, kisha wanaondoka.

Wasomaji wa ukurasa huu huuliza mara kwa mara kama utalii wa gofu ni biashara ambayo mtu mwenye mtaji mdogo anaweza kuingia. Wengine wanauliza kwa sababu wamesikia habari za ardhi: kwamba mahali fulani mwekezaji anatafuta shamba la kujenga uwanja, na kwamba anayenunua mapema ndiye atakayefaidika. Wiki hii tunaeleza jinsi likizo ya mcheza gofu inavyofanya kazi, nani anapokea fedha zake, na mfanyabiashara wa sehemu kama Makuyuni asimame wapi ili apate chochote. Jibu kwa kifupi ni kwamba fedha za mgeni huyu hubaki pale anapolala na kula, na kiasi kidogo tu huanguka pale anapopita. Mengine yote yanatokana na hilo.

MGENI HUYU NI NANI

Mchezaji wa ridhaa ni mtu anayecheza gofu kwa starehe yake, tofauti na mchezaji wa kulipwa ambaye mchezo ndio ajira yake. Wengi wao ni watu wenye kazi au biashara zao, au wastaafu wenye akiba. Hucheza katika kundi la watu wasiozidi wanne. Duru moja ya mashimo 18 huchukua saa nne hadi tano, na mchezaji anayekwenda kwa miguu hutembea kilomita nane hadi kumi. Kanuni zinamruhusu kubeba fimbo zisizozidi 14, kwa hiyo mfuko wake ni mzito na anahitaji mtu wa kumbebea au kigari cha umeme.

Jambo moja kuhusu mchezo huu lina uzito mkubwa kibiashara. Mchezaji wa kiwango cha chini hupewa nyongeza ya mapigo kulingana na uwezo wake, ili aweze kushindana na aliye bora kuliko yeye. Tangu mwaka 2020 nchi nyingi zinatumia utaratibu mmoja wa kupanga viwango hivyo. Hivyo karani wa Nairobi, daktari wa Ujerumani na mwenye duka wa Dar es Salaam wanaweza kucheza pamoja kwenye uwanja wowote na ushindani ukawa wa haki. Ndiyo maana mchezaji wa ridhaa hupenda kusafiri: kila uwanja mpya ni mtihani mpya, na rekodi yake anakwenda nayo.

Matokeo yake ni kwamba mgeni huyu hatosheki na uwanja mmoja. Mtalii wa ufukweni anaweza kulala hoteli moja kwa siku kumi bila kulalamika. Mcheza gofu akishacheza uwanja mara mbili anataka mwingine. Kwa hiyo eneo lenye viwanja vitatu au vinne vilivyokaribiana humshika kwa muda mrefu, na uwanja ulio peke yake humpata kwa siku mbili tu, hata uwe mzuri kiasi gani. Katika biashara hii jirani ni mshindani, lakini pia ndiye anayekuletea mteja.

NJIA YAKE

Tuchukue mfano wa safari ya siku 12 ya wachezaji wanane. Wanashuka Mombasa. Hapo wana Nyali, uwanja wa mashimo 18, na Mombasa Golf Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1911 yenye mashimo tisa kando ya bahari. Wakielekea kaskazini, katika kaunti ya Kilifi wanakuta Vipingo Ridge. Kisha wanakwenda kusini, kwa kivuko cha Likoni au kwa barabara ya Dongo Kundu, hadi Diani ambako Leisure Lodge ina uwanja wa mashimo 18 pamoja na hoteli ya ufukweni. Hadi hapo wamelala Kenya usiku saba: minne upande wa Mombasa na Vipingo, mitatu Diani.

Baada ya hapo wanavuka mpaka wa Lungalunga na Horohoro, wanapita Tanga, Segera, Korogwe na Makuyuni, wanakata kona Mombo na kupanda Lushoto kupumzika usiku mmoja. Kesho yake wanaendelea hadi Usa River karibu na Arusha, kwenye Kili Golf, uwanja wa mashimo 18 uliojengwa ndani ya mradi wa makazi. Wakitaka kuongeza wana Moshi Club, uwanja wa TPC kwenye shamba la miwa kusini ya Moshi, na Arusha Gymkhana. Wanalala usiku mitatu na kuondokea uwanja wa ndege wa Kilimanjaro.

Katika usiku 11, Tanzania imepata minne na Makuyuni haikupata hata mmoja. Tena mfano huu umeipendelea Makuyuni. Dereva mwenye haraka atatoka Mombasa kwa barabara ya Voi na Taveta, avukie Holili, afike Moshi bila kuiona Korogwe.

Kuna njia nyingine mbili za Tanzania zinazostahili kutajwa. Dar es Salaam ina uwanja wa Gymkhana katikati ya jiji na uwanja wa Lugalo, ambao ni wa Jeshi la Wananchi. Zanzibar ina hoteli ya Sea Cliff yenye mashimo tisa. Ila umbali kati ya Dar es Salaam, Zanzibar na Usa River ni mkubwa. Pwani ya Kenya mchezaji anatoka uwanja mmoja kwenda mwingine kwa gari kabla ya chakula cha mchana. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya nchi hizi mbili katika biashara ya gofu, kuliko uzuri wa nyasi au bei.

UWANJA UNAUZA NINI

Watu wengi wanadhani uwanja wa gofu unauza mchezo. Kwa lugha ya soko, uwanja unauza zamu za kuanza. Kundi moja la watu wanne likishapiga shimo la kwanza, kundi linalofuata hungoja kama dakika kumi. Ukianza saa 1 asubuhi na kufunga zamu ya mwisho saa 7 mchana, una saa sita, yaani makundi 36, sawa na wachezaji 144 kwa siku. Huo ndio mzigo wote wa ghala.

Zamu ni bidhaa inayooza kuliko nyanya. Nyanya za Soni zikikosa lori leo zinaweza kuuzwa kesho kwa bei ya kutupa. Zamu ya saa 2 asubuhi isiyouzwa ikipita imepita. Ndiyo maana bei ya uwanja hubadilika kwa msimu, kwa siku ya wiki na hata kwa saa. Masika mvua inapoharibu siku, bei hushuka. Sikukuu za mwisho wa mwaka zinapofika, hupanda. Vilevile ndiyo maana viwanja hupenda kampuni za utalii zinazonunua zamu nyingi kwa pamoja, ingawa huzilipisha pungufu.

Upande wa matumizi hakuna punguzo. Uwanja wa mashimo 18 huchukua ekari kati ya 120 na 200 hivi. Nyasi zinakua wawepo wachezaji 144 au wawe wanne. Zinataka kukatwa, kumwagiliwa wakati wa kiangazi, mbolea, dawa, mashine maalumu na vipuri vinavyoagizwa nje, na wafanyakazi wa kila siku. Ukiuza robo tu ya zamu zako, gharama hazishuki kuwa robo.

Kwa sababu hiyo viwanja vingi vya mapumziko havitegemei ada ya mchezo peke yake. Vinaegemea kitu kingine: vitanda vya hoteli, chakula na vinywaji, ada za wanachama, au nyumba na viwanja vya kujenga vinavyotazama nyasi. Klabu za zamani kama Gymkhana ziliegemea ada za wanachama. Zile za mashambani ziliegemea shamba lenyewe, kama TPC inavyokaa ndani ya shamba la miwa. Hizi mpya zinaegemea ardhi.

SOMO LA MKONGE WA VIPINGO

Wasomaji wa Korogwe watalielewa hili haraka kuliko wengine, kwa sababu linahusu mkonge. Zao hilo lililetwa katika koloni la Wajerumani na Richard Hindorf mwaka 1893, likaijenga Tanga na kuyafuata mashamba ya kando ya reli. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na Makuyuni ilikuwa mojawapo ya stesheni katikati yake. Ng'ambo ya mpaka, Vipingo nayo ilikuwa nchi ya mkonge.

Vipingo Ridge imejengwa kwenye ekari 2,500 hivi zilizokuwa shamba la mkonge. Uwanja wake, uitwao Baobab, ulichorwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, ambaye alishinda Kenya Open mwaka 1989 na ndiye pia aliyechora Kili Golf ya Usa River. Mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open yalichezwa Vipingo kwa mara ya kwanza Desemba 2019, akashinda Esther Henseleit wa Ujerumani, aliyerudia ushindi huo mwaka 2022. Mashindano ya namna hii huonyeshwa kwenye televisheni za nje, na kwa mwenye mradi ni tangazo.

Sasa tufanye hesabu ya ekari. Ukitoa ekari 200 za mchezo katika 2,500, unabaki na 2,300. Hapo ndipo biashara ilipo. Uwanja unafanya ekari zilizobaki ziwe na jina, mandhari, ulinzi na barabara, na bei yake iache kuwa bei ya shamba. Mchezaji anayelipa ada ya siku moja ni mteja wa kweli, lakini anayengojwa zaidi ni yule atakayependa mahali hapo na kurudi kununua nyumba.

Jirani na hapo lilitokea jambo linalomhusu mwekezaji mdogo moja kwa moja. Kampuni ya Rea Vipingo, iliyokuwa na mashamba ya mkonge Kenya na katika mkoa wa Tanga, iliuza hisa zake katika Soko la Hisa la Nairobi kuanzia mwaka 1996. Kwa miaka mingi soko liliitazama kama kampuni ya nyuzi. Mwaka 2013 mwenye hisa nyingi alitoa ofa ya kununua hisa zote zilizobaki kwa sh. 40 za Kenya kila moja. Kampuni ya uwekezaji ya Centum nayo ikajitokeza na bei ya juu zaidi, mvutano ukaendelea, na mwisho bei ikafika sh. 85. Katika makubaliano ya mwisho mkonge ulibaki kwa mwenye hisa nyingi, na Centum ikachukua zaidi ya ekari 10,000 za ardhi ya Vipingo.

Mtu mwenye hisa 1,000 angepata sh. 40,000 kwa ofa ya kwanza na sh. 85,000 kwa ya mwisho. Tofauti hiyo ya sh. 45,000 haikutoka kwenye mkonge. Ilitoka kwenye ardhi iliyokuwa pwani, karibu na barabara kuu, karibu na Mombasa, na karibu na mradi uliokwisha kuonyesha kwamba shamba linaweza kugeuka makazi. Somo kwa mwenye hisa ni kusoma mizania yote na kuuliza kampuni inamiliki nini, kwa thamani ya mwaka gani, pamoja na kuuliza inauza nini. Aidha, ofa ya kwanza haifai kupokelewa kwa haraka pale ambapo wenye fedha wawili wanagombea kitu kimoja.

JE, KOROGWE INAWEZA KUWA VIPINGO?

Hapa tunaomba msomaji awe makini, kwa sababu ndipo fedha za watu wadogo zinapopotea. Anasikia kwamba shamba la mkonge la Vipingo limegeuka uwanja, anaangalia mashamba ya mkonge ya Korogwe, na anamaliza hesabu mwenyewe. Hesabu hiyo ina mapengo matatu.

Pengo la kwanza ni mahali. Vipingo ina bahari, ina uwanja wa ndege wa kimataifa wa Mombasa si mbali, na ina viwanja vingine vya gofu kusini yake. Ina pia wateja wa Nairobi, ambao tangu mwaka 2017 wanaweza kuja Mombasa kwa treni ya kisasa mwisho wa wiki. Makuyuni ina barabara nzuri na milima ya Usambara ya kutazama, lakini mchezaji hana uwanja mwingine wa karibu wa kumfanya alale usiku wa pili. Tumeshaeleza kwamba uwanja ulio peke yake humpata mgeni kwa muda mfupi.

Pengo la pili ni mnunuzi wa nyumba. Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, asiye raia anaweza kupata ardhi kwa upangaji usiozidi miaka 99. Kwa Sheria ya Ardhi ya Tanzania Na. 4 ya mwaka 1999, asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Hatusemi sheria hiyo ni mbaya. Ina sababu zake. Tunachosema ni kwamba soko la nyumba za likizo kwa wageni upande wetu wa bara ni finyu zaidi, na mradi wa gofu unaotegemea kuuza nyumba hulitazama hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Pengo la tatu ni ardhi ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ili ipewe mwekezaji wa nje ni lazima kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya kawaida, na uhamisho huo ni uamuzi wa Rais, ukiwa na taarifa kwa wanakijiji na utaratibu wa fidia. Karatasi iliyogongwa mhuri jioni nyumbani kwa mtu haifiki huko.

Kwa hiyo mtu akikujia na habari kwamba mwekezaji wa gofu anakuja na ekari kumi zimebaki, muulize maswali manne. Je, ardhi hiyo ni ya kijiji au ina hati? Mkutano mkuu wa kijiji ulijadili lini, na muhtasari uko wapi? Maji ya kumwagilia wakati wa kiangazi yatatoka wapi, na kibali kimetolewa? Mgeni atacheza wapi siku ya tatu? Akishindwa maswali matatu ya kwanza, usitoe fedha. Akishindwa la nne, hata kama hati ni safi, unanunua shamba kwa bei ya matumaini.

WANAOPATA KIDOGO KIDOGO

Ukiacha mwenye ardhi na mwenye hoteli, wapo wanaokula kwenye gofu kila siku kwa fedha ndogo. Mbeba mfuko hulipwa kwa duru na kupewa bakshishi. Aliye hodari hujua mteremko wa kila shimo, na mgeni humtafuta kwa jina. Wachezaji kadhaa wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianzia kwenye kazi hiyo. Wapo madereva, wafuaji, wapishi, wakata nyasi na waongoza watalii. Kazi ya kuongoza watalii ni mojawapo ya biashara ambazo serikali ya Tanzania iliwakataza wasio raia kwa amri ya mwaka 2025, kwa hiyo kijana mwenye lugha na leseni ana nafasi.

Mnyororo mrefu kuliko wote ni wa jikoni. Tuchukue mayai kama mfano. Lile kundi letu la watu wanane, kila mmoja akila mayai mawili asubuhi kwa siku 11, linakula mayai 176, ambayo hayafiki trei sita. Kwa kundi hilo peke yake hakuna biashara. Lakini hoteli ya vitanda 100 iliyojaa kwa asilimia 60 ina wageni 60, na kwa hesabu ileile inataka mayai 120 kwa siku, yaani trei nne, au trei 1,460 kwa mwaka. Hoteli haimwulizi mgeni kama anacheza gofu ndipo impe yai. Kwa mchuuzi hivyo ndivyo ilivyo: mteja wako ni jiko lisilozimwa, na mcheza gofu ni mmoja wa wanaolifanya lisizimwe.

Je, Makuyuni iuze nini jikoni huko? Mboga za majani na nyanya hazifai, kwa sababu Lushoto inajilisha yenyewe na kulisha miji mingine, na hoteli za Usa River ziko karibu na soko la Tengeru. Mfanyabiashara aangalie kile ambacho upande wa Tanga unacho na nyanda za juu hawana: machungwa ya Muheza na Korogwe wakati wa msimu, nazi na madafu ya pwani, mchele wa mashamba ya umwagiliaji ya Mombo, na bidhaa za mkonge kama mazulia, mikeka ya mlangoni na vikapu vya nguo chafu vyumbani. Bidhaa za mkonge zina faida moja ya ziada: hazioziki zikisubiri gari.

MTEGO WA MALI KAULI

Aliyekwisha kuuza hotelini anajua kwamba hoteli nyingi hazilipi papo hapo. Hupokea mzigo mwezi mzima, hufunga hesabu mwisho wa mwezi, na kulipa baada ya siku nyingine 30. Tufanye hesabu kwa bei ya mfano. Tuseme trei ni sh. 9,000 na hoteli inachukua trei nne kwa siku. Kwa mwezi ni trei 120, sawa na sh. 1,080,000. Kabla ya malipo ya kwanza kuingia, mchuuzi amekwisha kupeleka mzigo wa miezi miwili, yaani sh. 2,160,000.

Kama fedha hizo amezikopa kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, riba ni sh. 43,200 kila mwezi. Igawe kwa trei 120 za mwezi, unapata sh. 360 kwa kila trei. Kama faida yake kwa trei ni sh. 500, anabaki na sh. 140, na bado hajatoa mayai yaliyovunjika wala nauli ya kufuatilia hundi. Akiuza trei hizohizo kwa fedha taslimu kwa mama lishe wa Korogwe kwa faida ya sh. 300 tu, anamzidi anayeuza hotelini.

Hatusemi hoteli ikwepwe. Tunasema bei ya mali kauli lazima ibebe riba ya kungoja, na mkataba uandike siku ya malipo. Muuzaji awe na namba ya mlipa kodi na risiti ya mashine, kwa sababu hoteli kubwa haiwezi kupitisha malipo bila hizo. Anayeanza apeleke bidhaa moja kwa hoteli moja, apime miezi mitatu, ndipo aongeze. Wachuuzi wawili au watatu wakiungana kukodi gari moja, nauli inayokula faida inapungua.

HATARI YA BIASHARA HII

Utalii ni bidhaa inayoweza kukatika bila taarifa. Machi 2020 mashindano ya Kenya Open yaliahirishwa yakiwa yamebakiza siku chache, ugonjwa wa korona ulipoanza kufunga safari za ndege. Mashindano ya wanawake ya Vipingo nayo hayakurudi hadi Februari 2022. Waliokuwa wameweka mtaji wote kwenye hoteli za pwani walikaa na mzigo. Soko limerudi tangu hapo: Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 1,808,205 mwaka 2023 na 2,141,895 mwaka 2024. Pamoja na hayo, aliyepita mwaka 2020 akiwa na wateja wa aina mbili alipita salama kuliko mwenye aina moja.

Mwenye hisa azingatie hivyohivyo. Kampuni ya TPS Eastern Africa, yenye hoteli za Serena na iliyopo Soko la Hisa la Nairobi tangu mwaka 1997, inampa mwekezaji mdogo njia ya kuingia katika vitanda vya watalii bila kununua shamba. Hata hivyo bei yake hufuata hali ya utalii, kwa hiyo isiwekewe fedha za ada ya shule.

TUSHIKE LIPI

Kwa mfanyabiashara wa Makuyuni, meza ya kando ya barabara iendelee, kwani mabasi ndiyo mteja wake wa kila siku. Kwa gari la watalii, kinacholisimamisha ni choo safi, maegesho yanayoonekana kutoka mbali na matunda yaliyooshwa na kufungwa. Mombo na Korogwe zimetangulia katika vituo vya kula vya mabasi, kwa hiyo asiye na choo safi asitegemee kundi hilo.

Mwenye mtaji wa kati atafute jiko moja la hoteli Lushoto, Moshi au Usa River, apeleke kile ambacho huko hakipatikani kwa urahisi, na apige hesabu ya siku za kungoja kabla ya kukubali bei. Mwenye ardhi asiiuze wala asiinunue kwa habari za gofu mpaka maswali yale manne yajibiwe kwa maandishi. Naye mwenye hisa akumbuke Rea Vipingo kila anapofungua taarifa ya mwaka ya kampuni ya kilimo, asome na ukurasa wa ardhi.